Ulizeni Kabla ya Kuzama

Barua ya kwanza mwezi huu ni ndefu na imetoka mbali, nimeipa nafasi yake. Nyingine nimezijibu kwa kadiri zinavyotaka. Nakumbusha tena: ukiandika, taja unapozamia. Bahari ya Micheweni si ya Kizimkazi, na bahari niliyoulizwa safari hii haifanani na yoyote kati ya hizo mbili.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtoto wa Nungwi, nimeongoza wageni Mnemba kabla sijaoa na kuhamia Monterey, California. Karibu na tunapoishi kuna ukuta wa mawe wa kuvunja mawimbi, na pembeni yake ufukwe mdogo wa mchanga unaoitwa San Carlos. Kila Jumamosi nawaona watu wanashuka ngazi na mitungi ya hewa mgongoni, wanaingia baharini kwa miguu yao. Hakuna boti. Maji yanaonekana shwari kabisa. Cheti ninacho, na suti yangu ya mpira ya kuzamia, ya milimita 3, nimekuja nayo. Mke wangu anasema nisubiri kwanza. Kuna la kusubiri? Na papa je? — Mnungwi wa Ugenini

JIBU: Marahaba mwanangu. Msikilize mkeo.

Ukuta huo naujua. Mume wangu alipokuwa masomoni kule tuliishi jirani nao, na kwa kuwa sikuwa na boti wala bosi, pale ndipo palipokuwa baharini kwangu. Nina mapenzi napo mpaka leo, ndiyo maana nitakujibu kwa urefu.

Suti hiyo ya milimita 3 iache kabatini, au mpe mtu anayekuja likizo Unguja. Nyumbani maji yakishuka kufika nyuzi 25 wakati wa kusi tunatoka tunatetemeka na kuulizia chai ya tangawizi. Monterey, sehemu kubwa ya mwaka, utayakuta kati ya nyuzi 10 na 15, na ukishuka kuna tabaka ambalo ukiliingia tu paji la uso linauma. Maji hunyonya joto la mwili kiasi cha mara 25 kuliko hewa yenye baridi ileile. Utahitaji suti ya milimita 7, viatu vya mpira, glavu, na kofia ya mpira inayofunika kichwa na shingo. Wengi wanaozamia pale mwaka mzima huishia kununua suti kavu, ile isiyoingiza maji, wakavaa nguo nzito ndani yake. Wewe kodi kwanza. Usinunue kitu chochote mpaka ujue kama utaipenda baridi, maana wapo wanaozama mara moja wakahamia kwenye kuvua samaki kwa mshipi.

Suti nene inaelea. Mkanda wa uzito, wa madini ya risasi, wa kilo 4 uliokutosha Mnemba hautakuzamisha pale hata ukipiga mapezi mpaka magharibi. Tegemea kubeba mara mbili yake au zaidi, na ujipime kwanza penye maji ya kifuani. Kisha kuna jambo ambalo kwetu halikusumbui sana: mpira wa suti umejaa vipovu vya hewa. Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza mgandamizo kwa kiasi kilekile cha hewa tunayoibeba juu ya nchi kavu, kwa hiyo ukifika mita 10 tayari umebanwa mara mbili. Vipovu vinasinyaa, suti inakonda, unakuwa mzito ghafla, unatia hewa kwenye jaketi lako la kuelea. Ukianza kupanda mambo yanageuka: suti inavimba, jaketi linavimba, na usipotoa hewa mapema utapaa bila kutaka. Suti ya milimita 3 haina kingi cha kubanwa, ndiyo maana hukuwahi kuliona hili.

Sasa jambo lenyewe. Wewe umelelewa na boti. Mnemba unakaa ukingoni, unajitupa kinyumenyume, na ukimaliza nahodha anakufuata ulipoibukia. Mkondo ukikuchukua, anakuja huko huko. Ukiingilia pwani hakuna wa kukufuata. Utatokea ulipopachagua, na utatokea umechoka, vidole vimekufa ganzi, mtungi una hewa kidogo na mwilini una kilo zaidi ya 30 za vyombo. Kwa hiyo mimi hupanga kutoka kwanza. Nikishajua nitatokea wapi, na kama pale pakiharibika nitatokea wapi pengine, ndipo nafikiria kuingia. Kama siku hiyo sioni pa kutokea pawili, siingii, hata maji yawe yamelala namna gani.

Kabla hujavaa chochote kaa pale juu ya ngazi, utazame maji kwa muda wa kumaliza kahawa yako yote. Mawimbi huja kwa makundi: machache makubwa yanafuatana, kisha kipindi cha utulivu. Mtu akitazama dakika 2 akakuta utulivu, hajaona kitu. Tazama pia upepo unatoka wapi. Ukuta ule na umbo la pwani yenyewe vinaukinga ufukwe na mawimbi makubwa ya kutoka kaskazini-magharibi, na ndiyo maana walimu wengi wa mji ule hupeleka wanafunzi wao pale. Upepo ukipiga kutoka kaskazini, mawimbi yanaingia ufukweni moja kwa moja, na ukuta unabaki pa kukaa simba wa baharini tu. Siku hiyo nenda kanywe chai.

Unapoingia, jaketi liwe na hewa kiasi, miwani usoni, regileta, kile kifaa cha kupumulia, mdomoni, hata kama maji ni ya magotini. Watu watacheka wakikuona unapumua mtungi kando ya watoto wanaochimba mchanga. Waache. Wimbi linalokukuta mdomo wazi linakushindilia mchanga mpaka kooni. Mapezi yabebe mkononi mpaka maji ya kiunoni, uyavae hapo mkiwa mmeshikana bega na mwenzako. Kama kuna wimbi la kuvunjika, wengine huyavaa nchi kavu kabisa, wakaingia kinyumenyume kwa kuburura miguu huku wakitazama nyuma kwa bega. Kutembea mbele na mapezi miguuni ni kujitafutia kuanguka. Wimbi likipita, mkono mmoja juu ya miwani.

Wakati wa kutoka usinyanyue miwani wala usitoe regileta mpaka povu liwe nyuma yako. Likikuangusha usishindane kusimama, tambaa. Nimewaona wakufunzi watu wazima wakitoka pale kwa magoti na viganja, mitungi imewakalia shingoni, na ndio hao hao ningewachagua kuwa wenzangu.

Kuhusu njia: ukisimama ufukweni ukaitazama bahari, ukuta uko kulia kwako. Ukienda uuweke kulia, ukirudi uwe kushoto. Hata hivyo soma dira kabla hujazama, ujue ufukwe uko upande gani, kwa sababu Mnemba umezoea kuona mita 20 hata 30, na pale mita 10 ni siku ya kusimulia. Kuanzia Machi hadi Juni maji huchafuka rangi ya kijani, pengine usione zaidi ya mapezi ya mwenzako. Sababu ni upepo: kaskazini-magharibi inasukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, na ya chini, ya baridi yenye rutuba, yanapanda kuziba nafasi. Viumbe vidogo vinastawi kwa wingi na maji yanakuwa mazito. Baridi inayokuuma ndiyo inayolisha kila utakachokiona chini. Ukiweza kungoja, Septemba hadi Novemba ndiyo miezi ya kuona vizuri, na hapo mkeo atakuwa ameshinda hoja yake.

Utakachokutana nacho mwanzo ni mwani. Futa kichwani mwani wa mama zetu wa Paje na Jambiani, wa kufunga kambani na vigingi. Huu umejishika kwenye mwamba chini, unapanda mpaka juu ya maji na kutandaa huko, na ukipata hali nzuri unaweza kurefuka karibu nusu mita kwa siku moja. Kwenye mwani huo wageni wanahangaika bure. Ukinaswa mtungi au pezi, usizunguke. Kila mzunguko unajifunga zaidi. Simama, rudi nyuma kidogo, mwenzako akutoe. Ukiuvuta haukatiki, ukiukunja kwa ghafla unavunjika. Na usimalize hewa yako chini ya tandiko lake. Bakiza ya kutosha ili upite kwa chini mpaka penye maji wazi, vinginevyo utalazimika kutambaa juu yake kwa tumbo, jambo ambalo linawezekana lakini halina heshima.

Mwisho wa ukuta wanakaa simba wa baharini, kelele zao nadhani unazisikia ukiwa kitandani. Vijana wao watakuja kukung'ata mapezi kwa mchezo. Madume makubwa usiyasogelee na wala usijipenyeze kati yao na mawe yao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inakataza kuwasumbua wanyama hawa, na dume lenyewe halijui sheria. Ukibahatika utamwona fisimaji wa baharini amelala chali juani akivunja chakula chake kwa jiwe.

Ingekuwa mimi ningewaachia watalii simba hao, nikaelekea kushoto. Kuna bomba kuukuu linakwenda kilindini, ukilifuata utafika kwenye mita 12 hadi 15, na hapo mchanga na mwamba umejaa wanyama weupe waliojishika chini, kila mmoja ana shina nene na kichwa mfano wa koliflawa, wengine wanapita nusu mita kwa urefu. Ni wengi kiasi kwamba hujui uweke wapi ncha ya pezi. Sisi tuna matumbawe na siyabadilishi na chochote, lakini uwanja ule sijauona mfano wake katika bahari yetu.

Usiokote kitu. Ghuba yote ni hifadhi ya taifa tangu 1992, na ukanda ule wa ukutani una masharti yake zaidi tangu 2007. Wewe ni mtoto wa Nungwi, najua mkono unavyowasha mtu akimwona pweza ameketi shimoni. Uweke kwenye jaketi.

Hewa utaitumia haraka kuliko ulivyozoea, kwa baridi na kwa uzito. Theluthi ya mtungi ikiisha, geuka. Theluthi ya pili ni ya kurudi, ya tatu ni ya wimbi la kutokea. Ukianza kutetemeka usiweze kujizuia, mbizi imekwisha, hata kama mtungi umejaa. Na mara ya kwanza nenda na mkufunzi wa pale pale. Cheti chako ni halali, ila kimetolewa kwenye maji ya uvuguvugu.

Papa weupe wapo katika bahari ile, sitakudanganya. Niliozama nao ukutani pale walikuwa wakihangaika zaidi kukosa pa kuegesha gari.

SWALI: Bi Mkubwa, shikamoo. Nina miaka 19, ni wa Jambiani, kuogelea najua. Nataka kujifunza kuzamia kwa mtungi nipate kazi. Baba hapingi kazi, anapinga kichwa wazi na nguo ya kubana. Nimwambie nini? — Binti wa Jambiani

JIBU: Marahaba. Mwambie asome jibu nililompa huyo kijana wa Nungwi, aone kwamba katika maji ya baridi hata wanaume wenye ndevu hujifunika nywele, masikio na shingo, wakabakiza uso tu. Kofia hiyo inauzwa pia nyembamba, ya milimita 2 au 3, na hapa kwetu itakufaa bila kukupikia kichwa. Vaa hiyo, mambo ya hijabu yamekwisha.

Ukipendelea mtandio wa kuogelea, uwe wa kubana kichwani, usiwe na pini, na ncha zake zote ziingie ndani ya suti. Kitambaa kinachopepea kitajishika kwenye vali ya mtungi nyuma ambako mkono wako haufiki. Jambo moja la kuzingatia ni miwani. Ukingo wake wa mpira lazima ukae juu ya ngozi tupu. Unywele mmoja au upindo wa kitambaa ukipita chini yake, maji yataingia mbizi nzima na utadhani miwani ni mbovu.

Kubana: juu ya suti vaa shati refu na suruali nyepesi, halafu jaketi linakuja kufunika kiwiliwili chote. Mzito kidogo majini, basi. Wanawake wanaofundisha wapo Unguja. Uliza kabla hujalipa, na ukitaka baba aje siku ya kwanza akae ufukweni atazame, mwalimu wa maana hatakataa. Mwalimu akikataa, tafuta mwingine.

SWALI: Shangazi, sisi ni makachu wa Forodhani. Maji yakijaa tunaruka ukutani kama unavyotuona. Rafiki yetu ametuachia mtungi mmoja na regileta. Tunataka kushukia hapo hapo ukutani, maana tumesikia bandarini kuna manowari imezama. Hapana haja ya boti, ni karibu. — Vijana wa Ukutani

JIBU: Nawaona, na mnaruka vizuri. Jibu ni hapana.

Manowari ipo kweli. Ni HMS Pegasus ya Waingereza, ilikuwa bandarini ikitengenezwa mitambo yake pale manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilipoikuta alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 na kuipiga mabomu. Imelala kwenye kina ambacho si cha mwanafunzi, katika maji yanayopita meli, na hata mzoefu huenda kwa boti, kwa mpango na kwa ruhusa. Kutoka ukutani hamfiki, na mkifika hamrudi.

Ukuta wenyewe: hapo mnapita boti za Dar es Salaam, mashua za Changuu na vidau vya kila namna, na nahodha hawezi kukiona kichwa kinachoibuka mbele ya mashine yake. Maji machafu ya Mji Mkongwe nayo yanaishia baharini humo humo. Halafu mtatokea wapi? Maji yakiwa yamejaa mnapanda. Bamvua likivuta, maji yanashuka hata mita 4, na ukuta ule ule unakuwa mrefu usioshikika. Mnaruka kwa sababu ni nyepesi kupanda tena. Wekeni mtungi mgongoni mjaribu.

Lakini kilichonitisha zaidi katika barua yenu ni huo mtungi wa kuachiwa. Nani aliujaza, na kwa mashine gani? Mashine iliyovuta moshi wa injini yake yenyewe inajaza sumu isiyo harufu wala rangi. Tena ninyi mna mazoea ya kubana pumzi, ndiyo sifa ya makachu. Anayepumua mtungi habani pumzi hata sekunde moja wakati wa kupanda. Hewa aliyoivuta chini inapanuka kadiri anavyokwenda juu, na pafu lililofungwa linaweza kupasuka kwa kupanda mita 2 tu. Wala hamtahitaji kilindi, kimo cha mlango kinatosha.

Mkitaka kweli kuzamia kutoka pwani, nendeni mkafundishwe upande wa Kendwa, ambako maji hayakimbii mbali. Mashariki, Paje hadi Matemwe, mtu anaingia maji yamejaa, saa 2 baadaye anatoka anakuta nusu ya bahari haipo. Atavuka mwamba kwa miguu na mtungi mgongoni, katikati ya miba mirefu myeusi, huku akina mama wanaochokoa pweza wakimpa pole. Bora siku za maji mafu, kupwa na kujaa kunapokuwa kudogo.

SWALI: Shangazi, tunazamia majongoo ya bahari kwa mitungi, mara nne hata tano kwa siku. Usiku wa juzi bega limeanza kuuma na vidole vinakufa ganzi. Mzee wetu anasema ni upepo, nipakwe mafuta ya nyonyo halafu nirudi majini, nikishuka litapoa. Na kweli nikishuka linapoa. — Kijana wa Kojani

JIBU: Huyu nimempigia simu siku niliyoisoma barua yake, na ameshafika hospitali. Naichapisha kwa ajili ya wenzake, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Kupoa ukishuka ndiko kunakothibitisha ugonjwa. Chini ya mgandamizo, naitrojeni iliyomo katika hewa ya mtungi inaingia kwenye damu na nyama. Ukipanda pole pole na kupumzika, inatoka kwa pumzi bila wewe kujua. Ukipanda mbio, ukashuka tena, ukapanda tena mpaka mara tano, inabaki mwilini na kutengeneza vipovu kwenye viungo na mishipa. Ukirudi chini vipovu vinabanwa, maumivu yanapungua, na unavuta naitrojeni nyingine juu ya ile. Jioni utapanda na deni kubwa kuliko la asubuhi. Leo ni bega. Kesho inaweza kuwa uti wa mgongo, na aliyeshindwa kusimama au kukojoa baada ya mbizi hapakwi nyonyo na mtu.

Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa 24. Mwenzenu akilalamika maungo, ganzi, kizunguzungu, udhaifu wa miguu au mabaka ya ngozi, hashuki tena. Mlazeni, apewe oksijeni tupu kama ipo, anywe maji ikiwa ana fahamu na hatapiki, na apelekwe hospitali huku mkisema wazi kwamba alikuwa anazamia kwa mtungi, kina gani na mara ngapi. Msiposema, atapewa dawa ya baridi yabisi. Matibabu yake kamili ni chumba maalumu cha mgandamizo, na daktari ndiye atakayepanga safari. Maumivu yakipungua njiani, msigeuze gari.

Na kuzama mara tano kwa siku? Najua bei ya jongoo. Pandeni taratibu, dakika moja isipite mita 9. Simameni mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka, mbizi ya kina kirefu iwe ya kwanza, na baina ya mbizi mpumzike saa nzima au zaidi. Majongoo ya mwisho wa siku yaacheni.

SWALI: Dada, mimi naongoza wageni Nungwi. Ramadhani nafunga na kazi inaendelea. Nizame au nisizame? — Mfungaji

JIBU: Kama maji yakipenya kooni funga inakuwaje, muulize sheikh wako, hilo si langu. La mwili ni hili: hewa ya mtungi ni kavu mno, kila pumzi inakunyang'anya maji, na kukaa baharini kunamfanya mtu akojoe zaidi. Mwili uliokauka unaitoa naitrojeni kwa shida. Mwombe mwajiri akupange mbizi ya asubuhi na mapema, ukiwa bado na maji ya daku, tena ya kina kifupi na moja tu. Alasiri osha vyombo, jaza mitungi, wapokee wageni. Mwajiri asiyekuelewa mwezi mmoja kwa mwaka, mkumbushe kwamba anayemchunga mgeni chini ya maji ni wewe.

SWALI: Bi, nakuja Pemba kikazi. Nimepanga Jumapili asubuhi nizame Misali mara mbili, halafu saa 10 jioni nipande ndege Chake kurudi Unguja. Ndege yenyewe ndogo na safari ni fupi, nadhani haina tatizo? — Mfanyakazi wa Mjini

JIBU: Ufupi wa safari hauhusiki, kinachohusika ni urefu wa kwenda juu, kwa sababu ya naitrojeni ile ile niliyoieleza kwa kijana wa Kojani. Baada ya mbizi moja ya kawaida ngoja saa 12 kabla ya kuruka, na baada ya mbizi zaidi ya moja, saa 18. Ushauri huo unaanza kufanya kazi kuanzia mita 600 juu ya usawa wa bahari, na rubani hatakuuliza ulizamia lini wala hatashuka chini kwa ajili yako.

Una njia mbili. Zama Jumamosi badala ya Jumapili, au uache ndege urudi kwa boti ya Mkoani. Ya Jumamosi ni nzuri zaidi, maana Jumapili asubuhi utapata nafasi ya kununua samaki Wesha kabla hujaondoka.